Mateka Aliyewapa Wajapani Kaure

Nyumba nyingi za Kenya zina kabati la vioo sebuleni, na ndani yake kuna vikombe vya wageni. Wewe mwenye nyumba huvigusi. Wewe unapewa kile cha plastiki au cha bati, vile vyeupe vyenye maua vinasubiri pasta au wakwe. Siku ukipata ruhusa, chukua kimoja ukigonge ukingoni kwa kucha. Kikilia kama kengele ndogo, na ukikiinua kwenye taa uone mwanga ukipenya kwa mbali, basi ujue hicho si udongo wa kawaida. Hiyo ni kaure.

Kaure ilizaliwa Uchina, na kwa mamia ya miaka Wachina ndio waliijua siri yake vizuri zaidi. Sisi wenyewe tuliijua kitambo. Ukitembea magofu ya Gede pale karibu na Malindi, au ukiangalia kaburi la mnara lililoko Mambrui, utakutana na habari za mabakuli ya Kichina ambayo wazee wa Pwani walipamba nayo kuta na makaburi yao. Wakati huo Japani haikuwa imechoma hata kikombe kimoja cha kaure. Wajapani nao walikuwa wanunuzi tu, kama sisi.

Leo ukitaja kaure ya Kijapani duniani, watu wanavua kofia. Majina kama Arita, Imari na Kakiemon yanauzwa kwenye minada mikubwa kwa chapaa ambazo mimi na wewe tutazisikia tu kwa redio. Sasa swali ni hili: walitokaje kwenye kununua hadi kufundisha dunia? Jibu lina jina la mtu mmoja, na hata hilo jina lenyewe lina kesi. Wakorea wanamwita Yi Sam-pyeong. Wajapani wanamwita Ri Sampei. Kwenye karatasi za enzi zake aliandikwa Kanagae Sanbee. Tulia nikupe stori yake, maana si stori ya vikombe pekee.

Vita vilivyowinda mafundi

Mwaka wa 1592 mbabe wa Japani, Toyotomi Hideyoshi, alivuka bahari na kuivamia Korea. Lengo lake lilikuwa kupitia hapo aende akaipige Uchina. Mambo hayakwenda alivyopanga. Vita vikasimama, vikaanza tena 1597, na vikaisha 1598 Hideyoshi alipofariki. Korea iliachwa majivu. Miji ilichomwa, mashamba yaliharibiwa, na maelfu kwa maelfu ya watu walifungwa na kupelekwa Japani kama mateka.

Miongoni mwa mateka hao walikuwemo wafinyanzi. Na hapa usidhani ilikuwa bahati mbaya. Wakati huo matajiri na makamanda wa Japani walikuwa wamelewa mambo ya chai. Kunywa chai kulikuwa sherehe yenye taratibu zake, na bakuli la chai lilikuwa alama ya hadhi. Bakuli zuri kutoka Korea lingeweza kupewa kamanda kama zawadi ya ushindi, na yeye akaridhika kama aliyepewa shamba. Basi makamanda walipofika Korea wakaona watu wanaotengeneza vyombo hivyo kwa mikono yao wenyewe, wakafanya hesabu. Kwa nini ubebe bakuli na kumwacha anayejua kulitengeneza?

Ndiyo sababu hadi leo kuna Wajapani wanaoviita vita hivyo vita vya vyungu. Miji kadhaa ya ufinyanzi kule kusini na magharibi mwa Japani, kama Hagi, Satsuma, Karatsu na Arita, mizizi yake ni mafundi wa Kikorea wa kipindi hicho.

Yi Sam-pyeong alikuwa mmoja wao. Alichukuliwa na jeshi la Nabeshima Naoshige, mkuu wa eneo la Saga katika kisiwa cha Kyushu. Bahari inayotenganisha Korea na Kyushu ni kama kilomita 200 tu, si mbali. Ukitoka Nairobi ukaelekea Voi, kilomita 200 zitaisha hata hujafika. Lakini kwa mateka, umbali haupimwi kwa kilomita.

Fundi asiye na udongo wake

Alipofika Saga alikabidhiwa kwa Taku Yasutoshi, mkuu wa mji mdogo wa Taku. Alikuwa na wenzake. Wakaambiwa fanyeni mnachojua. Wakajenga tanuri, wakachimba udongo wa pale, wakaanza kufinyanga.

Vyombo vilitoka, ila havikuwa vile alivyokuwa akitafuta. Udongo wa Taku ulitoa vyombo vizito vyenye rangi ya kahawia na kijivu. Kule Korea wafinyanzi walikuwa tayari wanajua kutengeneza kaure nyeupe. Yeye alijua kitu hicho kinawezekana. Tatizo lilikuwa ardhini.

Hapa nataka uelewe kitu kuhusu kaure, maana bila hicho stori haina uzito. Chungu cha kawaida hutengenezwa kwa udongo, huchomwa kwa moto wa kadiri, na hubaki na vitundu vidogo ndani yake. Ndiyo maana maji ya mtungini ni baridi: yanapenya polepole na kupoa kwa nje. Kaure haipenyi kitu. Huanzia kwa jiwe, jiwe jeupe maalum lenye madini ambayo yakipigwa na moto mkali sana, takribani nyuzi 1,300, huyeyuka kiasi na kushikana kama kioo. Jiwe likiwa siyo, hata uwe fundi wa aina gani, utatoa chungu tu. Ni kama kumpa mpishi wa biriani unga wa ugali halafu umlaumu.

Kwa hiyo Yi Sam-pyeong akaanza kutembea. Miaka ikapita. Alizunguka milima na mabonde ya eneo la Nabeshima akiangalia mawe na mito. Mtu wa kawaida akipita mlimani anaona mlima. Yeye alikuwa anatafuta rangi fulani kwenye ufa wa mwamba.

Kumbukumbu zinasema alihamia Arita katika mwaka wa joka, ambao kwa hesabu yetu ni 1616. Huko, mahali panapoitwa Izumiyama, kulikuwa na mlima ambao ndani yake ulikuwa jiwe la kaure. Na halikuwa jiwe la kawaida. Wafinyanzi wa nchi nyingi hulazimika kuchanganya aina mbili au zaidi za malighafi ndipo wapate kaure. Jiwe la Izumiyama lingeweza kusagwa na kufinyangwa lenyewe, bila kuchanganywa na lingine. Mlima mzima ulikuwa umekaa pale, watu wanaukwea, watu wanakata kuni juu yake, na hakuna aliyejua wamekalia nini.

Ndiyo maana mwaka wa 1616 ndio Wajapani wanaouhesabu kama mwaka wa kuzaliwa kwa kaure yao.

Jiwe linavyokuwa kikombe

Kazi yenyewe ilikuwa noma, na nataka uione hatua kwa hatua, ili siku nyingine ukisikia bei ya bakuli moja usishangae.

Kwanza jiwe linavunjwavunjwa. Arita ina vijito vingi, kwa hiyo walitumia nguvu ya maji: gogo refu lina nyundo upande mmoja na shimo la kupokea maji upande wa pili. Maji yakijaa, upande huo unashuka, nyundo inainuka. Maji yakimwagika, nyundo inaanguka juu ya jiwe. Usiku na mchana, pu, pu, pu, bila kulipa umeme wala kusukuma mtu. Jiwe linakuwa unga.

Unga unatiwa majini, unakorogwa, mchanga mzito unazama, na ule laini unakusanywa na kukaushwa hadi uwe donge la kukanda. Kukanda nako si mchezo. Pumzi moja ya hewa ikibaki ndani, chombo kitapasuka motoni. Kisha donge linawekwa juu ya gurudumu la mfinyanzi linalozungushwa kwa mguu, na mikono inavuta ukuta wa chombo kwenda juu. Udongo wa kaure ni mbishi. Hauna ule utelezi wa udongo wa mtoni ambao unakutii. Ukiuvuta kwa pupa unalegea na kuporomoka.

Chombo kikikauka ndipo kinachorwa. Rangi ya mwanzo ilikuwa moja, samawati ya madini ya kobalti, ambayo ilinunuliwa kutoka Uchina. Ukiipaka inaonekana kijivu tu, chafu chafu. Msanii anachora maua, ndege, milima, bila kuona rangi halisi. Moto ndio utakaoitoa. Na brashi ikigusa chombo kikavu, maji yanafyonzwa papo hapo, kwa hiyo mstari ukishapita umepita. Hakuna kufuta.

Juu ya mchoro wanamwaga uji mwepesi wa majivu ya miti na unga wa mawe, ambao ukichomwa unageuka kioo kinachofunika chombo chote. Siku hizi mafundi wengi huchoma chombo mara ya kwanza kwa moto mdogo kabla ya kumwaga uji huo, ili kiwe kigumu. Wafinyanzi wa Arita ya mwanzo hawakufanya hivyo. Walimwaga uji juu ya chombo kibichi, ambacho kikilowa sana kinavunjika mkononi. Ukiangalia vyombo vya wakati huo utaona vingine vina alama za vidole karibu na kitako, mahali fundi alipokishika akikichovya. Miaka 400 baadaye vidole vyake bado vipo.

Mwisho ni moto. Tanuri lao halikuwa sanduku moja. Lilijengwa likipanda mlima, vyumba vimefuatana kama ngazi, moto unaanzia chini na joto linapanda chumba hadi chumba. Tanuri la Tengudani, ambalo linahusishwa na Yi Sam-pyeong mwenyewe, lilikuwa la aina hiyo. Kuni zilikuwa za msonobari, na walichoma siku kadhaa mfululizo bila kulala. Ukikosea mwisho, kazi ya miezi yote imekwisha. Vyombo vimepinda, vimegandana, unatupa. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta malundo ya vipande vilivyotupwa karibu na matanuri hayo, na kutoka kwenye malundo hayo ndipo tunajua mengi ya haya ninayokuambia.

Hakuwa peke yake

Usije ukamaliza hapa ukadhani ni mtu mmoja aliyefanya yote. Sisi watu tunapenda shujaa mmoja, ni rahisi kukumbuka. Vipande vilivyochimbwa upande wa magharibi wa Arita vinaonyesha kuwa kulikuwa na wafinyanzi wengine, Wakorea pia, waliokuwa wakichoma kaure karibu wakati uleule, na huenda hata mapema kidogo. Wanahistoria wanabishana hadi leo kuhusu nani alitangulia.

Kuna mwanamke mmoja ambaye ningependa umjue. Anaitwa Baek Pa-sun kwa Kikorea, Hyakubasen kwa Kijapani. Yeye na mumewe, Fukaumi Soden, nao waliletwa kutoka Korea na kuwekwa eneo la Takeo, si mbali na Arita. Mume alipofariki, mama huyo aliwaongoza watu wao karibu 900 wakahamia Arita kufuata jiwe jeupe. Aliongoza mafundi hadi uzeeni na alifariki 1656, akiwa na umri wa miaka 96. Hebu fikiria, mjane wa kigeni, kwenye nchi iliyomteka, anasimamia wafanyakazi karibu 900. Hata siku hizi kampuni ngapi zina mkuu kama huyo?

Yi Sam-pyeong naye alikuwa na watu wake. Kuna waraka unaoonyesha kwamba uzeeni alikuwa akisimamia watu wapatao 120 waliokusanyika Arita kutoka sehemu mbalimbali. Yule aliyeletwa amefungwa alikuwa sasa bosi.

Swali ambalo nimejiuliza sana ni kwa nini hakurudi. Na nafasi ilikuwepo. Serikali ya Korea ilituma wajumbe Japani mwaka wa 1607, 1617 na 1624, na kazi yao mojawapo ilikuwa kuwatafuta mateka na kuwarudisha nyumbani. Maelfu walirudi. Wengi zaidi walibaki. Wengine walizuiliwa na mabwana zao, wengine hawakupata habari kabisa, wengine walikuwa na wake na watoto waliozaliwa huko. Tena kuna jambo lingine chungu. Kule Korea ya zamani mfinyanzi alikuwa mtu wa tabaka la chini. Watu walitumia vyombo vyake na kumdharau yeye. Japani, ile nchi iliyomfunga, ndiyo iliyompa jina, nyumba na watu wa kuongoza.

Sasa hapo utasema nini? Utasema alinufaika? Mimi naona haifai kuharakisha. Mtu anaweza kufanikiwa mahali alipopelekwa kwa nguvu na bado ile nguvu ikabaki kuwa dhuluma. Mafanikio yake hayamsafishi aliyemteka.

Ulinzi wa siri

Watawala wa Saga hawakuchukua muda kuona kuwa Izumiyama ni mgodi wa pesa. Na penye pesa, sheria hufika mbio. Mwaka wa 1637, wakisema kuwa misitu inamalizwa na matanuri, waliwafukuza wafinyanzi 826 wa Kijapani, wanaume kwa wanawake, na kuyafunga matanuri kadhaa. Yakabaki 13, mengi yakiwa mikononi mwa mafundi wa asili ya Kikorea. Kwa siku moja, Mjapani aliyejifunza kazi alinyang'anywa mkate, na mgeni akaachiwa. Sababu haikuwa upendo. Watu wachache, waliokusanywa mahali pamoja, ni rahisi kuwachunga na kuwatoza kodi.

Tangu hapo Arita ikawa kama ngome. Wakaguzi waliwekwa, njia zikalindwa, na mafundi hawakuruhusiwa kutoka na siri. Baadaye hata kazi ya kupaka rangi juu ya kaure ilitengewa mtaa wake, ikawa ni nyumba chache tu zenye leseni ambazo zingeruhusiwa kuifanya.

Hiyo kazi ya rangi ilianza miaka ya 1640, na jina linalotajwa nayo ni Sakaida Kakiemon. Samawati ya kobalti inapakwa kabla ya kioo na kuchomwa pamoja nacho. Lakini nyekundu, kijani, manjano na dhahabu haziwezi kustahimili moto mkali hivyo. Zinapakwa juu ya kioo baada ya chombo kuiva, kisha kinachomwa tena kwa moto mdogo. Kakiemon alifanikiwa kuipata nyekundu laini kama ya tunda lililoiva, na akaacha nafasi kubwa nyeupe bila kuchora chochote, weupe wenyewe uonekane. Ukitaka kujua jinsi kazi ya Yi Sam-pyeong ilivyokomaa, angalia weupe huo.

Bandari ilipochukua jina

Yi Sam-pyeong alifariki 1655. Shika mwaka huo.

Kule Uchina, utawala wa Ming ulianguka 1644, vita vikaharibu biashara, na kaure ikaadimika sokoni. Waholanzi, ambao kampuni yao ya meli ilikuwa ikiwauzia Wazungu kaure ya Kichina kwa faida nono, wakabaki mikono mitupu. Wao ndio Wazungu pekee waliokuwa wakiruhusiwa kufanya biashara Japani, tena kwenye kijisiwa kidogo cha Dejima pale Nagasaki. Wakageuza macho Arita. Mwaka wa 1659 walitoa oda kubwa, zaidi ya vipande 50,000 kwa mkupuo mmoja.

Ukipiga hesabu, ni miaka 4 tu baada ya mzee kuzikwa. Hakuiona. Hakuona meli zikijaa vyombo vya jiwe lake zikielekea Ulaya. Hakuona wafalme wa Ulaya wakijenga vyumba vizima vya kupanga sahani za Japani, wala August wa Saxony, ambaye alimfungia mtaalamu wake, Johann Friedrich Böttger, hadi akaigundua siri. Kiwanda cha Meissen kikafunguliwa 1710, na miongoni mwa kazi zake za mapema kulikuwa na kuiga michoro ya Kakiemon. Angalia jinsi stori inavyojirudia: kaure ya Japani ilianza na mateka, na kaure ya Ulaya nayo ilipatikana na mtu aliyefungiwa.

Halafu kuna hili la jina. Vyombo vya Arita vilibebwa hadi bandari ya Imari, kama kilomita 12 hivi, vikapakiwa melini hapo. Wanunuzi wakaviita Imari. Ni kama ile kahawa iliyoitwa Mocha kwa sababu ya bandari ya Mokha kule Yemen, wakati mkulima aliyeipanda yuko mlimani na hakuna anayemtaja. Wewe unayefanya kazi nyuma ya jina la mtu mwingine, unayeandikia watu vitu vyao, unayeshona nguo zinazobandikwa lebo ya wengine, unaelewa ninachosema.

Mateka na aliyemteka

Sasa twende Arita ya leo. Kuna hekalu la Tozan, ambalo mlango wake mkuu umetengenezwa kwa kaure, mweupe wenye michoro ya samawati, uliosimamishwa 1888. Reli inapita mbele yake kabisa, unavuka njia ya treni ndipo uingie. Anayeheshimiwa hapo kwanza ni Mfalme Ojin wa zamani. Pamoja naye waliongezwa wawili. Mmoja ni Yi Sam-pyeong. Mwingine ni Nabeshima Naoshige.

Soma tena hiyo sentensi. Aliyetekwa na aliyemteka wako chini ya paa moja, wanaombwa baraka na watu walewale.

Juu ya kilima nyuma ya hekalu kuna mnara wa kumbukumbu ya Yi Sam-pyeong, uliojengwa 1917 kuadhimisha miaka 300 ya kaure. Kila mwezi Mei, wakati wa soko kubwa la vyombo la Arita, watu hupanda huko kumkumbuka. Heshima ni ya kweli, siwezi kuibeza. Ila kumbuka mwaka 1917 Korea ilikuwa chini ya ukoloni wa Japani, tangu 1910. Mkorea mmoja aliyekufa alijengewa mnara wakati Wakorea walio hai hawakuwa na nchi. Sisi wa Kenya hatuhitaji kufafanuliwa sana mambo kama hayo. Barabara zetu ziliwahi kuwa na majina ya nani?

Jina lenyewe nalo lina kesi, nilikuambia. Kumbukumbu za ukoo zinasema alikuwa wa ukoo wa Yi. Kanagae lilitokana na Mto Geum, eneo alikotoka kule Korea. Lakini hilo Sam-pyeong, kwa maandishi tunayoyatumia leo, lilitengenezwa na Wajapani mwishoni mwa karne ya 19 kwa kulirudisha nyuma lile jina la Kijapani la Sanbee. Yaani mtu anayeitwa mwanzilishi wa kaure ya Japani, jina alilopewa na mamake halikuandikwa na yeyote.

Mwaka wa 1990 watu wa Arita walichanga pesa wakajenga mnara mwingine, safari hii Korea kwenyewe, karibu na Mlima Gyeryong, kama shukrani kwa nchi iliyomzaa. Wazo zuri. Lakini maneno yaliyochongwa hapo yalizua mzozo. Yalieleza kuvuka kwake bahari kwa namna ambayo Wakorea wengi waliona imelainishwa, kana kwamba alijiendea tu. Wao walitaka jiwe liseme alichukuliwa kwa nguvu.

Mtu anaweza kucheka, mzozo wote huo kwa sababu ya kitenzi kimoja? Mimi siwezi, kwa sababu Kiswahili chenyewe kinatufundisha tofauti hiyo kwa silabi chache tu. Alikwenda. Alipelekwa. Ukilichagua la kwanza, umempa safari. Ukilichagua la pili, umeuliza ni nani aliyempeleka.

Kilichobaki mkononi

Ukifika Izumiyama leo hutaona mlima. Utaona shimo. Karne nne za kuchimba zimeula mlima wote ukageuka vyombo, na vyombo hivyo viko makabatini na kwenye makumbusho kote duniani. Wafinyanzi wengi wa Arita sasa hutumia jiwe kutoka Amakusa, kisiwa cha kusini zaidi. Mtaani kwenye vichochoro vya mji kuna kuta zilizojengwa kwa matofali ya matanuri ya zamani, yaliyoungua hadi yakang'aa. Na ukoo wa Kanagae bado upo. Mjukuu wa kizazi cha 14 anafinyanga palepale, kwa jina la babu yake.

Niseme kwa nini nimekuletea stori hii kwenye ukurasa wa vijana. Mimi niliacha chuo, na kila wiki kuna mtu ananiuliza nina karatasi gani. Swali hilo wengi wenu mnalijua. Sitakudanganya kuwa karatasi hazina maana, zina maana sana ukienda kutafuta kazi. Lakini Yi Sam-pyeong alivuka bahari hana karatasi, hana jina, hana nchi wala udongo. Alichokuwa nacho ni ujuzi wa kulijua jiwe sahihi akiliona, na subira ya kulitafuta karibu miaka 20. Hicho hawakuweza kumnyang'anya, ndiyo sababu walimteka yeye badala ya kubeba bakuli lake.

Lakini usiishie hapo, maana nusu ya stori ndiyo hiyo na watu wa kutia moyo mitandaoni wangekuachia hapo. Nusu ya pili ni kwamba ujuzi wake uliwatajirisha watu waliomfunga, bandari ikachukua jina la kazi yake, na jina lake mwenyewe likaandikwa na wengine. Kwa hiyo jifunze kazi yako hadi iingie kwenye mifupa. Halafu iandike jina lako, wewe mwenyewe, kwa mkono wako, mapema. Chora alama chini ya kikombe. Usingoje miaka 300 ujengewe mnara na watu ambao wanabishana kama ulikwenda au ulipelekwa.